Ufa Niliouziba kwa Lipu

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Leo nitasema.

Mimi ni mtu wa Njombe, nilihamia hapa Kihonda kwa ajili ya kazi ya kiwandani. Kwetu mwanamume anajijengea mwenyewe. Anafyatua tofali, anachoma tanuri, anasimamia kila kitu kuanzia msingi hadi bati. Ukileta mkandarasi, watu wanakuuliza mikono yako inaumwa nini. Baba alifariki nikiwa mdogo, hivyo aliyenifundisha kufyatua tofali ni Mama. Hapa nikakuta wenyeji nao wanajijengea, ila hawaanzi kuchimba kabla fundi wa mtaani hajauangalia udongo. Niliwacheka, ndugu zangu! Nikawaita wavivu wa pwani.

Siku nachimba msingi, jirani yangu fundi Shomari, Mluguru, alikuja akachukua ule udongo mweusi akaufinya kiganjani.

"Baba Upendo, udongo huu si wa kwenu. Masika unavimba, kiangazi unapasuka. Chimba mpaka uupite, ndipo tumwage zege."

Nikamjibu mbele za watu, "Sema tu unatafuta kibarua."

Akajipangusa mikono, akaondoka.

Nikajenga kwa msingi wa kwetu, wa kufika magotini. Nikamleta Mama kutoka Njombe aje kuishi nasi. Aligonga tofali kwa kidole, akasikiliza, akasema, "Umezichoma vizuri, mwanangu." Sijawahi kujiona mtu kama siku ile!

Kiangazi ukatokea ufa kwenye ukuta wa jiko, vidole vinaingia. Nikauziba kwa lipu. Ukarudi. Nikauziba tena na kupaka chokaa juu, wageni wasiuone. Mama akaniambia, "Mwite yule jirani yako." Nilimwambia nitamwita. Ningemwitaje, nami nilishamtukana? Basi nikanunua saruji nyingine.

Masika ikaja, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Mchana ule mimi nilikuwa kazini, Mama yuko jikoni anachambua maharage. Ukuta ukaanguka wote kwa mkupuo. Shomari ndiye aliyefika wa kwanza, akamfukua kwa mikono yake. Mama hakufika hospitali.

Ndugu zangu, mlikuja kwenye msiba mkaniambia ni mapenzi ya Mungu. Sikuwaambia kilichokuwa chini ya ile lipu. Nikaacha kuja kanisani. Nilitamani ule ukuta ungeniangukia mimi.

Asubuhi moja Shomari akaja na sururu, bila kuitwa. Alinisalimia, akaanza kuchimba pale ukuta ulipokuwa. Niliona aibu kukaa namtazama, nikachukua jembe. Tukachimba mpaka shimo likafika kifuani, tukakuta changarawe ngumu. Hapo ndipo nilipoweza kusema, "Shomari, ulinionya."

Akaketi kwenye ukingo wa shimo, akalia, mtu mzima yule.

"Nilikuambia mara moja tu. Ule ufa nilikuwa nauona kila nikipita hapa. Nikasema mwache akome. Sikumfikiria mama. Nisamehe, Baba Upendo."

Kumbe tulikuwa wawili! Nilipiga magoti mle shimoni, nikatubu kwa sauti, nikataja kiburi changu na zile lipu mbili. Shomari ni Mwislamu, lakini nilipomaliza aliitikia amina. Mungu wangu, kitu kilichonikaba miezi yote ile kikaachia! Jumapili iliyofuata mliniona nimerudi kwenye kiti changu.

Jiko jipya tumelijenga pamoja, mimi na yeye, na msingi wake umefika kwenye changarawe. Sitawadanganya, Mama hajarudi. Nikisikia maharage yanamwagwa kwenye ungo natoka nje nalia. Lakini ule mzigo wa kuficha Bwana ameutua, na ninamshukuru, ninamshukuru sana.

Ndugu yangu uliyekaa hapo ukiziba ufa wako, Yesu anaujua tayari. Mwamini, mwambie yote leo. Kisha toka hapa uende kwa yule uliyemtukana, ugonge mlango wake. Mama yangu alinituma kwenye mlango huo, ulikuwa hatua ishirini tu kutoka kwangu, na sikwenda.