Mto Niliouandika Bila Kuuona

Bwana asifiwe! Naomba tusifu tena, kwa maana mara ya kwanza tumeitikia kwa mazoea, na mimi leo sikusimama hapa kwa mazoea. Bwana asifiwe!

Ndugu zangu, kabla ya yote naomba kumbukumbu zikae sawa. Tangu nirudi nimesikia, hapa hapa uani pa kanisa, kwamba mzee alikwenda porini na pikipiki kwa sababu amegombana na mke wake. Si kweli. Mke wangu ndiye aliyenifungia maandazi ya safari. Nimesikia pia kwamba niliinuliwa na malaika mwenye mavazi meupe. Hilo nalo nalikanusha kwa heshima zote. Aliyeniokoa alivaa khanga mbili zilizopauka na katambuga za tairi, na aliniibia. Ndiyo, aliniibia, mchana kweupe!

Wengi mnanifahamu. Kwa miaka ishirini na tisa nilikuwa karani wa kumbukumbu za mvua na mito katika ofisi moja hapa Dodoma. Wasomaji wa vipimo walileta taarifa kutoka vijijini, mimi nikaziandika. Mvua ya Bahi, maji ya Mtera, na mto mmoja wa mchanga unaoteremka kutoka milima ya Kibakwe. Jina la mto huo sitalitaja, kwa sababu kila kijiji kinauita kivyake na sitaki kuandikiwa barua za kusahihishwa. Nilijua unashuka lini na unakauka lini. Lakini kuuona kwa macho, sikuwahi. Hata siku moja!

Nilipostaafu nikasema, sasa nitakwenda kuuona mto wangu. Peke yangu, kwa pikipiki yangu, na hema, na sufuria moja, na daftari ambalo nilinakilia kumbukumbu zote za mto huo kwa mkono wangu. Mke wangu akaniambia, "Baba Eliya, ukifika kule uwaulize wenyeji." Nikamjibu, na naona haya kuyarudia mbele yenu, "Niwaulize nini ambacho sijakiandika?"

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wangu. Pombe sijaonja maishani. Nilichokuwa nacho ni kiburi cha mtu mwenye daftari. Hata katika kuomba, nilikuwa namsomea Mungu taarifa, nafunga, naondoka. Jibu sikusubiri.

Nilipita Mpwapwa, nikapanda hadi Kibakwe, na asubuhi ya pili nikaishika njia inayoufuata mto kuelekea Mtera. Ndugu zangu, nchi yetu ni nzuri! Mchanga mweupe, upana wake kama kiwanja cha mpira, migunga imeuinamia pande zote mbili, na ndege hondohondo wanavuka njia mbele ya gurudumu kama watu wenye shughuli zao. Niliimba ndani ya helmeti.

Saa tisa alasiri niliteremka kwa njia ya ng'ombe hadi mchangani, chini ya ukingo, penye kivuli. Niliweka jiwe bapa chini ya stendi ili pikipiki isizame, nikasimika hema. Juu yangu hapakuwa na wingu hata moja. Mbali, upande wa milima, palikuwa na weusi kidogo. Niliuona. Nikaandika daftarini, "Wingu, mbali." Kisha nikavua viatu.

Hatua chache kutoka pale mama mmoja alikuwa amechimba kisima mchangani, kama wafanyavyo kina mama wa kule wakati wa kiangazi, akichota kwa kata kujaza madumu ya punda wake wawili. Jina lake, kama nilivyoambiwa baadaye, ni Mama Nyemo. Alinisalimia kwa adabu, "Mbukwa, babu. Shikamoo." Nikaitika. Kisha akalitazama hema langu.

"Babu, hicho kitanda kina mwenyewe."

"Nani?"

"Mto. Umesafiri tu."

Nilikasirika. Nikamfungulia daftari. "Mama, mto huu haujawahi kushuka kabla ya Krismasi. Miaka ishirini na tisa, soma mwenyewe."

"Na mto umeshaonyeshwa hilo daftari?"

Akarudi kisimani. Baada ya muda nikasikia kata imenyamaza. "Babu! Nachota, hakipungui. Kinapanda!" Nikamweleza, bila hata kuinuka, kwamba mchanga wa aina ile huchuja maji vizuri. Akaja akasimama mbele yangu, akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nikasema ni Mhehe, wa Iringa.

"Aa, mtani! Ndiyo maana! Sasa sikiliza, wewe Mhehe. Ukifia hapa, sisi Wagogo watani wako ndio wa kukuzika, na mimi leo sina nafasi, nina uwele wa kutwanga. Toka!"

Sikucheka. Nilimjulisha kwamba mimi ni mtumishi mstaafu wa serikali, na sina utani na watu nisiowafahamu.

Akawaswaga punda wake wakapanda ukingo. Nikadhani nimeshinda. Ndugu zangu, mama yule alikuwa ameshafika juu, yeye na punda wake, salama kabisa. Akarudi! Aliteremka tena mchangani, akanipita bila neno, akalinyakua daftari langu juu ya tangi la pikipiki, akatimua mbio!

"Nimechukua changu, mtani! Ukilitaka, njoo ulikomboe huku juu!"

Kumbukumbu zangu zote! Nilimkimbiza peku juu ya miiba, kwa miaka yangu hii sitini na nne, nikipiga kelele kwamba nitamfikisha kwa mtendaji wa kijiji, nitamfikisha polisi, awe mtani asiwe mtani. Nilifika juu nikihema, nikaanza kusema, "Mama, hizo ni nyaraka..." Sentensi hiyo sijaimaliza mpaka leo. Alinishika mabega, akanigeuza.

Hapakuwa na wimbi refu kama watu wanavyopenda kusimulia. Ulikuja ulimi wa povu la kahawia, umebeba vijiti na samadi, unatambaa upesi kuliko mtu anavyotembea. Nyuma yake ikaja sauti, kama lori linalomwaga kifusi kisichoisha. Nilikuwa bado nautazama ule ulimi, na hema halipo! Pikipiki ilisimama kidogo, kisha ikainama taratibu kama mtu anayepiga magoti, ikaenda. Helmeti ilizunguka mara mbili juu ya maji. Na juu ya kichwa changu jua linawaka! Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, pale nilipoandika "Wingu, mbali."

Nikakaa chini. Nilitaka kuomba, nikakuta taarifa zimeniisha. Nikasema tu, "Bwana, Bwana," na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikanyamaza kusubiri.

Mama Nyemo akaniwekea daftari magotini. "Haya," akasema. "Andika."

Nikaandika. Ukurasa ni huu hapa, na yeyote anayetaka kuukagua aje baada ya ibada. Nausoma kama ulivyo: "Mvua: hakuna. Mto: umekuja saa kumi na nusu. Aliyeniambia: mwenyeji, mara tatu. Sikusikia."

Usiku ule nililala kwao. Nilikula ugali wa uwele na mlenda, na mama yule akamsimulia mume wake jinsi Mhehe alivyomkimbiza, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nami nilicheka, ndugu zangu. Nilistahili. Asubuhi nikapelekwa kwenye basi, miguuni nimevaa katambuga za yule mume.

Nimeshtuka, na bado nimeshtuka! Mungu alinitumia onyo kwa maneno mazuri, nikalikataa. Akalituma kwa kisima, nikalifafanua. Akalituma kwa utani, nikakasirika. Ndipo akaniibia. Alinijua! Alijua kwamba uhai wangu nisingeukimbilia, lakini daftari ningelikimbilia.

Wewe uliyekaa hapo na daftari lako, lenye kila jibu, nakusihi umtumaini Mungu huyu leo. Ukiona amekunyang'anya kitu na kukimbia nacho kuelekea juu, usikae mchangani kumtungia mashtaka. Mfuate kwanza. Mashtaka utayasoma ukiwa umefika.

Shukrani zote ni zake yeye aliyenitoa mtoni kabla mto haujafika. Jumatatu napanda basi kwenda kurudisha zile katambuga. Nimeshamwahidi mke wangu kwamba safari hii, kabla ya kuweka begi chini, nitawauliza wenyeji.

Bwana asifiwe!