Boga la Mèt Dieuseul

Mheshimiwa Meya, Mwalimu Mkuu wa shule yetu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi akina mama wenzangu wa soko la Jacmel mnaonicheka hapo nyuma kwa sababu leo nimevaa viatu:

Nimeombwa niseme machache juu ya picha hii ya rangi za mafuta inayotundikwa leo ukutani hapa shuleni, na kumuaga mchoraji wake, jirani yangu Mèt Dieuseul, Mèt yaani fundi kama tunavyomwita kwa heshima, ambaye anasema mkono umeanza kutetemeka na kwamba baada ya hii hachori tena. Mimi shule niliishia darasa la tano. Lakini boga lile la katikati ni langu, sasa nani ataieleza picha hii kunishinda?

Aliliazima siku ya Krismasi. "Siku tatu tu, binti yangu." Akalipanga kwenye beseni la bluu pamoja na machungwa, ndizi na parachichi. Siku tatu zikawa saba. Ndugu zangu, nani hapa hajui Januari mosi ni siku gani? Ni siku ya supu ya boga, supu ya uhuru wetu, ambayo babu zetu walipokuwa watumwa walikatazwa kuionja, na mwanangu Lovelie, miezi minane, hakuwa ameionja hata mara moja! Asubuhi hiyo nikabisha mlango wake, kisu mkononi.

"Mèt, nataka boga langu."

"Ukiligusa umeniua! Upande wa kushoto bado."

"Basi nakata wa kulia."

"Rosemène, wewe mchinjaji!"

"Na wewe mwizi wa mboga. Shika huku."

Nikakata. Tukainama wote wawili kutazama. Ndani lilikuwa la rangi ya kiini cha yai la kienyeji, mbegu zimebanana, zinang'aa kwa maji. Mzee akanisukuma. "Toka kwenye mwanga!"

Tazameni wenyewe: si hapo jicho linapokimbilia? Mkono huo huo unaotetemeka ndio uliozipaka mbegu zile, moja moja, huku mimi nikikoroga nusu yangu sufuriani. Mchana akaja na bakuli lake, rangi hadi masikioni, akamkuta Lovelie anagonga meza kwa kijiko, anataka tena.

Sasa ninyi mnamuaga. Mimi simuagi. Mèt Dieuseul, Lovelie ameanza kutembea. Siku moja atasoma katika shule hii, atainua macho aione supu yake ya kwanza. Na ukuta ule wa pili, mbona mtupu? Januari ijayo nitanunua maboga mawili: moja la sufuria, na moja lako lote, kushoto na kulia. Brashi zako usimgawie mtu.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Asanteni sana.