Silaha ya Haruko

Taksi ya kwenda mji mdogo wa Miti ilikaribia kizuizi cha askari, mwaka ule wa vita, na Joviale alikuwa amekumbatia silaha ya mbao ya mchezo wake wa kuigiza: mpini mrefu uliotokeza dirishani, na mwishoni upanga uliopakwa rangi ya chuma.

"Maman, ivunje," akanong'ona muzee wa kofia aliyeketi kando yake. "Huyo Haruko wa mchezo wako, binti wa Kijapani, umupe kisu tu."

"Hapana, papa. Zamani kule, wanawake wa nyumba za mashujaa walifunzwa hii, adui asifike mulangoni."

"Adui wetu amefika, na yake haiko ya mbao!"

Taksi ikasimama. Askari akainama dirishani.

"Hii iko ya nani?"

Abiria wote wakageukia milima, kana kwamba imeota jana.

"Ya Haruko," Joviale akajibu kabla ya kufikiri.

"Haruko ashuke."