Nuksi ya Mmiliki wa Kaa

Aliyempa Yudelka habari hii kwanza ni shangazi yake Ercilia, afuaye sare za Kaa, timu ya besiboli ya mji wa Barahona. Shangazi alimwambia Jumamosi, mikono ikiwa bado na povu: timu imenunuliwa na mwanamke, Zunilda Feliz, anayeitwa Doña kwa heshima, mwenye malori ya chumvi, na Jumatatu asubuhi atakaa mwenyewe langoni pa uwanja kugawa nafasi za wauza vyakula. Tangu hapo usingizi ulimpaa Yudelka. Mmiliki wa zamani aliwapa shemeji zake nafasi zote. Kibanda kimoja tu uwanjani, nyuma ya kituo cha kwanza kati ya vile vinne ambavyo mchezaji huvikimbilia mpaka afike kile cha mwisho kiitwacho nyumbani, kingemwezesha kuacha kuzunguka juani na chupa za kahawa mkononi na mtoto kiunoni. Shida ni kwamba mbele za watu sauti ilimkauka. Jumapili alikwenda kama kawaida kwenye benchi la nje ya duka la Fermín, akawamiminia wateja wake watatu: Redio, asiyezimika, Bega, ambaye bega lake, kwa maneno yake mwenyewe, ndilo lililomzuia kwenda kurusha mpira Marekani, na Mwamuzi, aliyewahi kuamua mechi moja ya watoto, akatolewa uwanjani kabla haijaisha.

— Mmesikia lakini? — alianza Redio. — Kaa wamenunuliwa na mwanamke!

— Usimtaje jina! — Mwamuzi aligonga mbao za benchi. — Zafa! Pita mbali, nuksi!

— Sijamtaja.

— Mdomo ulishakaa tayari, nimeuona.

Pale Barahona, jina la mwenye nuksi halitamkwi. Likikuponyoka, unagonga mbao na kusema zafa kabla halijatua kwa mtu. Wakakubaliana kwamba mmiliki mpya ataitwa Yule, basi.

— Jana tumepigwa mechi ya kirafiki, — alisema Bega. — Unaona kazi ya Yule?

— Si hajaingia ofisini bado? — aliuliza Redio.

— Nuksi hutuma kivuli mbele, kaka.

— Na miaka yote tuliyokuwa tunashika mkia chini ya bwana mkubwa?

— Ile ilikuwa bahati mbaya tu. Bahati mbaya ya mwanamume ina heshima zake. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Maana yake?

— Maana yake kama hivyo.

Redio akanyoosha kikombe kiongezwe.

— Mimi nawaambieni, mchezo umekwisha. Mtu anatoka mbio kituo cha tatu, anataka kuingia nyumbani, Yule atasimama pale pale: futa miguu kwanza!

— Na warushaji je? — Bega alijishika bega. — Mrushaji lazima awe na hasira. Yule atawapikia sancocho, nyama saba, na ndizi juu. Wewe umeshawahi kuona mtu aliyeshiba sancocho akarusha kitu?

— Mimi nikishiba hata nzi simfukuzi.

— Sasa!

— Ninyi mnaongelea supu, — Mwamuzi alishusha sauti, akatazama huku na huku. — Mtu wa chumvi huyo. Mnajua atakachofanya? Ataimwaga kwenye nyasi usiku kucha. Mpira ukianguka haudundi. Timu ikifa, uwanja anaugeuza bwawa la kukaushia chumvi. Wale wa mji mkuu ndio waliomtuma.

— Wa mji mkuu wapi! — Redio alisimama kabisa. — Wajapani! Wanataka Kaa wetu wakawale!

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, — Bega alitoa hukumu. — Haikusemwa hufunzwa na mmiliki mwanamke. Mbona kimya, Yudelka? Sema na wewe, binti.

Yudelka alimweka mtoto sawa kiunoni ingawa alikuwa amekaa sawa tayari.

— Mimi kesho nataka kwenda langoni, — alisema, na ilibidi wainame ili wamsikie. — Kuomba nafasi ya kahawa. Kwa Doña...

— Zafa! Zafa! Zafa! — Benchi lilipigwa mpaka Fermín akachungulia dukani.

— Sikiliza, mwanangu, — Mwamuzi alisema kwa upole wa kutisha. — Ukimpa Yule mkono wako, halafu mkono huo huo ukatumiminia sisi, tumekwisha. Chagua. Ukienda huko, hapa usirudi tena na kahawa yako.

— Na jina lake usilitamke, — aliongeza Bega. — Popote. Hata ndotoni.

Yudelka aliinamisha kichwa. Watatu hao ndio waliokuwa wateja wake wa kila siku. Langoni hakuwa na ahadi yoyote.

Hapo ndipo alipotokea mtu mgeni, ngazi begani na kopo la rangi mkononi. Akaegemeza ngazi kwenye ukuta mweupe uliotazamana na benchi.

— Habari zenu, wakubwa. Nimetoka Azua, nimeitwa kuandika ukutani: karibu, mmiliki mpya wa Kaa. Walionipa kazi wamesema jina nikaulize kijiweni kwa Fermín, ndiko wanakoijua timu kuliko yeyote. Anaitwa nani?

— Jina halitamkwi, — alisema Redio.

— Kuna nuksi, — alisema Mwamuzi.

— Sawa, msitamke. Niandikieni. — Akampa Bega kipande cha mkaa.

Bega alikitazama kile kipande.

— Bega hili leo limeamka vibaya.

Akampa Mwamuzi.

— Miwani nimeacha nyumbani.

— Huvai miwani wewe! — alisema Redio, na mkaa ukamfikia yeye. Akaushika. Akapiga magoti ukutani. Akafikiri. — Linaanza na M.

— M nani?

— Wanawake wote huanza na M.

Benchi zima likanyamaza, jambo ambalo Fermín alitoka nje kulishuhudia. Kisha watatu wakageuka pamoja kumtazama Yudelka.

— Binti, — alisema Mwamuzi. — Lile jina ulilotaka kulitaja. Hebu mwambie huyu bwana.

— Mmesema nisilitamke popote.

— Tulikuwa tunazungumza tu!

— Na nuksi je?

— Nuksi gani, mama? Sema, watu watatucheka!

Yudelka aliinamisha chupa juu ya kikombe cha Redio. Kikatoka kitone kimoja. Akaifunga, akamkaza mtoto kiunoni, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata alipika kahawa mara mbili ya kawaida. Alipopita kwa Fermín, watatu walishakaa, vikombe tayari, wakamwita. Hakusimama. Langoni palikuwa na foleni ndefu ya wanawake, na mezani mwanamke wa makamo aliyevaa kofia ya Kaa. Zamu yake ilipofika, Yudelka aliweka chupa chini, akasema kwa sauti ambayo hata wa mwisho kwenye foleni aliisikia:

— Shikamoo, Doña Zunilda Feliz. Mimi ni Yudelka. Naomba nafasi nyuma ya kituo cha kwanza.