Kiza cha Pembeni

SABRA: Haloo. Nani mwenzangu?

TAHIRI: Shikamoo dada. Mimi Tahiri.

SABRA: Marahaba. Simu imenisomea namba nisiyoijua, nikadhani matapeli. Hii ya nani?

TAHIRI: Ya Castory, mwenzangu wa kwenye lori, hii kenta. Yangu ina— nitakwambia. Hongera bwana. Nasikia jana kwenye mbio, uwanja wa Mkwakwani, umewaacha wenzio mbali.

SABRA: Alhamdulillahi, wa kwanza. Ruthi ndiye aliyeniongoza, lakini mzunguko wa mwisho nilikuwa namvuta mimi. Kamba inamkaza mkono, ananiomba nipunguze.

TAHIRI: [anacheka] Kipofu anamvuta anayeona.

SABRA: Ndiyo hivyo. Uko wapi? Unakatika.

TAHIRI: Juu huku milimani, Amani. Tulileta bibi harusi, sasa nawarudisha watu Muheza. Si unawasikia nyuma wanaimba?

SABRA: Nawasikia. Na watoto wamo.

TAHIRI: Wamo. Nataka nishuke kabla ya—

SABRA: Kabla ya nini?

TAHIRI: Ukungu. Kabla ya ukungu.

SABRA: Simu yako ina nini, Tahiri?

TAHIRI: Iliniponyoka asubuhi. Nimepapasa majani yote. Castory akaja akaiokota pembeni ya kiatu changu. Kioo nilishakikanyaga mwenyewe.

SABRA: Pembeni ya kiatu.

TAHIRI: Majani marefu, dada.

SABRA: Na kile kioo cha gari cha kushoto kilichovunjika? Mama kaniambia.

TAHIRI: Nguzo ya geti ile. Geti lenyewe jembamba—

SABRA: Unalipita kila siku. Na mkeo Semeni anasema ulimkanyaga, kaketi mkekani ubavuni kwako. Ikifika magharibi hutoki nje.

TAHIRI: Nachoka tu. Usingizi—

SABRA: Mimi pia nilisema usingizi. Kwangu kiza kilianza pembeni. Mbele naona vizuri, nasoma hata gazeti, ila mtu akitokea ubavuni namvaa. Daktari akasema ni ya damu, ndugu zangu mpimwe. Nilikwambia.

TAHIRI: Uliniambia.

SABRA: Ukaenda?

[mtandao unakoroma]

SABRA: Tahiri?

TAHIRI: Nipo. Sikwenda. Mimi dereva, dada. Wakishaniandikia lile neno, nitakuwa nani?

SABRA: Mwaka mzima nilikaa ndani najiuliza hilo hilo. Ruthi akaja na kipande cha kamba ya mkonge, akanifunga mkononi bila kuniuliza, akasema twende mpaka barabarani. Nikaanguka, goti likachanika. Nilimtukana matusi ya kwao na ya kwetu. Kesho yake akaja tena.

TAHIRI: Wewe una moyo.

SABRA: Sikuwa nao. Uliota huko huko njiani. Na wako utaota, lakini si leo, si kwenye kona za Amani na watoto wa watu nyuma.

TAHIRI: Kona hizi nazijua kama—

SABRA: Hata mimi nyumba yetu nilikuwa naijua. Maji ya moto yaliyonibabua, sufuria niliipua mwenyewe nikaiweka chini.

[mlango wa gari unafungwa]

SABRA: Umekaa upande gani?

TAHIRI: Wa kwangu, wa usukani.

SABRA: Castory ana leseni?

TAHIRI: Anayo. Dada, salio lake linaisha, keshaanza kunitazama—

SABRA: Basi mwambie.

TAHIRI: Nitamwambia tukifika.

SABRA: Mwambie sasa. Nisikie.

[watu wanaimba]

TAHIRI: Castory. Njoo ukae huku, ushushe wewe… Hapana, siumwi. Macho. Macho, ndugu yangu… Tangu Ramadhani.

[mlango unafunguka, hatua kwenye kokoto, mlango mwingine]

SABRA: Kasemaje?

TAHIRI: Kachukua ufunguo, kanizungusha mbele ya gari kanishika bega. Kama— kama Ruthi anavyokushika wewe.

SABRA: Mwache akushike.

TAHIRI: Watu wamenyamaza huko nyuma. Wameona.

SABRA: Waone. Jumamosi nakuja, nikupeleke kwa daktari.

TAHIRI: Wewe unipeleke mimi.

SABRA: Mimi.

[injini inawaka; gari linaondoka]

TAHIRI: Dada, hapo Tanga jua limeshazama?

SABRA: Lizame wapi? Watu ndiyo kwanza wametoka kusali alasiri. Nalisikia usoni.

TAHIRI: Huku kumeingia kiza.

SABRA: Msitu huo. Au ukungu wako.

TAHIRI: Castory hajawasha taa.

SABRA: Tahiri, nisikilize—

TAHIRI: Anakata kona bila taa, dada. Anaona kila kitu. Kumbe kiza ni changu mi—

[salio limekwisha; simu imekatika]