Goti la Nani

"Leo nimepumua," bibi mmoja alimwambia fundi rangi aliyekaa naye kwenye basi la kutoka hospitali. "Siku zote madaktari wanamuuliza mwanangu mimi naumwa wapi, utadhani goti ni lake. Wa leo kamtoa nje, kaniuliza mimi."

"Lakini bibi, mtoto anakusaidia tu."

"Anisaidie kupanda ngazi, mdomo ninao. Yeye akisema ni uzee, narudishwa na vidonge. Kumbe linatibika."

Fundi hakuridhika, nadhani naye ana mama. Mara kondakta akamgusa fundi bega.

"Bibi anashuka wapi?"

Fundi alifungua kinywa, akakifunga. "Muulize mwenyewe."

"Hapa," akasema bibi, na basi likasimama.