Silima Nyange na Karafuu ya Tatu

Bwana Silima Nyange anastaafu Jumamosi, tarehe 30 Juni 1962, baada ya kuitumikia serikali miaka ishirini na tisa: kumi na saba katika ukaguzi wa karafuu, na kumi na miwili katika Ofisi ya Njia na Madaraja hapa Wete. Wenzake wameniomba mimi, Vuai, niliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya zabuni kabla ya miguu yangu kustaafu, niandike maneno ya kusomwa siku ya kumuaga. Nimekubali kwa furaha, na kwa sababu moja zaidi. Kwa miaka mitatu nimeficha jina la mtu aliyetia karafuu ya tatu ndani ya kopo la kura. Wete nzima inadhani inamjua. Haimjui. Mimi namjua, na daktari ameniambia nisile chumvi, nisipande ngazi, wala nisijisumbue kununua kalenda ya mwakani. Kwa hiyo nitalitaja jina hilo hapa, lakini mwishoni, ili msiondoke kabla ya chai.

Silima ni mtoto wa kijiji cha Ole, wa nyumba ya wakulima. Mwaka 1933 aliandikwa kazi bandarini, kukagua karafuu kabla ya kupakiwa. Wenzake walifungua gunia, wakatazama, wakapiga muhuri. Silima alikunja mkono wa shati hadi begani, akauzamisha mkono wake mpaka chini kabisa, kwa sababu juu ya gunia, alivyokuwa akisema, karafuu zote ni namba moja. Alichokitoa huko chini alikivunja kwa vidole viwili karibu na sikio. Karafuu kavu hulia. Yenye unyevu hujipinda tu. Wachuuzi waliokuwa wakinyunyizia magunia maji ili yaongezeke uzito walimwita Daktari, nao hawakukusudia kumsifu.

Tatizo ni kwamba mkono huo haukubaki bandarini. Dukani uliingia katika mchele, sokoni uliingia chini ya matenga ya embe. Wiki ya kwanza ya ndoa yake, Bi Mwanapili alimkuta jikoni anachota wali wa chini ya chungu, kabla wageni hawajala, kuhakikisha kwamba unafanana na wa juu. “Mie si mchuuzi wako,” alimwambia. “Toka!” Marufuku ile ingali na nguvu mpaka leo.

Alipohamia ofisini kwetu mwaka 1950, kazi yake ya kwanza ilikuwa kununua viti. Fundi alileta viti vitatu vya mfano. Mtu mwingine angevitazama. Silima alihamia navyo. Alikaa katika kimoja asubuhi nzima, cha pili mchana, na cha tatu siku iliyofuata, akiandika barua zake kama kawaida, nasi tukipita mlangoni tukicheka. Kiti kilichopendeza kuliko vyote kilimwangusha kesho yake saa nne. Tulichonunua kilikuwa na sura mbaya, na ndicho ninachokikalia sasa ninapoandika haya, maana ofisi ilinizawadia nilipoondoka.

Mimi mwenyewe sikusalimika na ukaguzi wake. Nina jino bovu, na kwa kuwa nimeliogopa koleo la daktari maisha yangu yote, hukaa na karafuu shavuni kutwa. Silima alikuwa akinitazama mdomo, anatikisa kichwa. “Mwenyekiti,” alisema, “karafuu hiyo ingepita mikononi mwangu bandarini, ningeikataa. Unyevu umezidi.”

Sasa nije kwenye daraja la njia ya Ole. Mara mbili kamati yetu ilitafuta wahandisi washauri wa kulichora na kusimamia ujenzi wake. Mara mbili tulifanya kama tulivyozoea: tukafungua bahasha za bei, tukachukua iliyo chini, tukapeana mikono, tukaenda kula. Na mara mbili masika yalitujibu. Daraja la kwanza lilikwenda na maji hadi kwenye mikoko. La pili lilibaki, ila mto ndio uliohama, ukapita pembeni yake, nalo likasimama peke yake kama mtu aliyekosea nyumba ya harusi. Watu wa Ole walivuka na magunia kichwani, maji kifuani, na karafuu walizozianika kwa taabu zikafika Wete zimelowa. Waliokuwa wakizikataa bandarini walikuwa vijana aliowafundisha Silima. Jambo hilo lilimnyima usingizi.

Mwaka 1959, zabuni ya tatu ilipokaribia, alikuja mbele ya kamati kama katibu wetu na kusema kwamba safari hii tusinunue kwa bei.

“Saruji unaiona kabla ya kuilipia,” alisema. “Ushauri unaulipia kabla haujakuwepo. Mtaupimaje kwa bei?”

“Tuupime kwa nini basi, kwa pishi?” akauliza Bwana Jecha, mjumbe aliyekuwa na kaka yake Wete, wakala wa kampuni moja ya London.

“Kwa watu. Nani hasa atakuja hapa, kafanya nini huko nyuma, na alichokifanya kingali kimesimama au la.”

Alitaka bahasha za bei zifungiwe kabatini. Kwanza tuchague wahandisi walio bora. Kisha tufungue bahasha yao peke yake, tuzungumze nao mpaka tukubaliane. Wengine warudishiwe bahasha zao zimefungwa vilevile.

Jecha alishika kichwa. “Zirudi zimefungwa! Yakhe, huo ununuzi au posa?”

“Posa hasa,” akajibu Silima. “Wewe ulipomposea mwanao, ulianza na mahari, au ulianza kuuliza binti wa nani?”

Kamati ilicheka mpaka ikasahau ajenda. Wote walinigeukia mimi, maana mwana huyo wa Jecha ndiye aliyemuoa binti yangu Mize, na ndoa haikuwa imetimiza hata mwaka. Jecha alicheka pia, ila kwa meno tu.

Wakubwa wa Unguja walimruhusu Silima kujaribu, kwa sharti. Kamati ikiukataa uteuzi wake, bahasha zote zitafunguliwa kama zamani, na yeye atarudishwa kwenye mizani ya karafuu mjini Mkoani, kwa cheo cha chini, asilitaje tena jambo hilo. Wakati huo nyumba yake ya Wete ilikuwa na kuta bila paa. Bi Mwanapili alianza kufunga vyombo kimyakimya, sufuria moja kila siku, ili majirani wasione.

Walikuja watatu. Kampuni ya Nairobi ilijitoa, ikisema haijawahi kuona mnunuzi asiyetaka kujua bei. Kampuni ya London ilileta kitabu kizuri kilichojaa picha za madaraja na mabwana wenye nishani. Silima alikipenda kwa dhati, akakipekua hadi ukurasa wa mwisho, kisha akauzamisha mkono chini ya gunia: aliandika kuuliza ni yupi kati ya mabwana hao atakayekuja Pemba. Jibu lilichelewa sana. Lilipofika, lilisema atakuja mtu hodari kabisa, ambaye bado hawajamwajiri.

Kampuni ya Bombay haikuleta kitabu. Alikuja mhandisi mwenyewe, katikati ya masika, na mwavuli uliokwisha kushindwa na upepo. Alikwenda mtoni, akamuuliza Bi Kijakazi, muuza muhogo, mwaka ule mbaya maji yalimfika wapi.

“Hapa,” Bi Kijakazi akasema, akajigusa kidevu. “Na mie nikiwa nimesimama juu ya daraja lenu!”

Mhandisi hakucheka. Alimwomba waende pamoja amwoneshe mahali penyewe, wakaenda, wote wawili wakalowa. Kisha akatupa anwani za miji mitatu aliyoijengea madaraja, tuwaulize wenyewe. Tuliuliza. Miji miwili ilimsifu. Wa tatu ulisema ni mbishi na mwenye kero, lakini daraja wanalo. Silima alifurahi zaidi kwa jibu la mji ule wa tatu.

Siku ya kura, ya kukubali au kukataa uteuzi wa Silima, yaani mhandisi wa Bombay, tulikuwa wajumbe watano. Karatasi hazifai kwa kura ya siri hapa, kwa kuwa kila mtu wa Wete anaijua hati ya mwenzake, kwa hiyo tulitumia njia ya kamati yetu. Kila mjumbe hupewa karafuu moja na konyo moja, kile kijiti kinachobaki karafuu ikichambuliwa. Kopo lenye kitambaa juu huzungushwa. Anayekubali hutia karafuu, anayekataa hutia konyo, na kinachobaki ni siri yake.

Shehe Ngwali na Bwana Mabruki walikuwa upande wa Silima tangu mwanzo, na hawakuficha. Jecha alikuwa dhidi yake. Bwana Duni, mwenye duka, alikuwa akimwogopa Jecha, mteja wake mkubwa. Nami, mwenyekiti, nilikuwa nimehutubia asubuhi ile kwa urefu na kwa ukali juu ya heshima ya bei nafuu, Jecha akiitikia kila sentensi kama msikitini. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amefika kwangu, akanywa kahawa, akasema kwa upole kwamba vijana wetu wanaishi vizuri, na ingekuwa hasara nyumba mbili zikitiana ufa kwa ajili ya daraja la watu wa Ole.

Kopo lilizunguka. Jecha, aliyekaa ubavuni pangu, aliniangalia mkono. Nilikifungua kiganja changu mezani, mbele ya wote, na ndani yake kulikuwa na karafuu kavu.

“Yangu imebaki,” nikasema. “Hamna siri hapa.”

Jecha akanipiga bega. Duni, kwa hofu, alikwisha kukirusha dirishani alichobakiwa nacho.

Silima alimimina kopo katika sinia. Katibu haruhusiwi kugusa kura, kwa hiyo aliweka mikono mgongoni, akahesabu kwa macho. Makonyo mawili. Karafuu tatu. Akahesabu tena. Shehe Ngwali akasema alhamdulillahi kwa sauti iliyofika barabarani, na Jecha akamgeukia Duni polepole, kama mlango usiotiwa mafuta.

Duni aliapa. Aliapa mwezi mzima, kwa sababu Jecha alihama dukani kwake siku ileile. Lakini watu wa Ole waliposikia, walianza kununua sukari na mafuta ya taa kwa Duni tu, hata kama ni kupita maduka mawili njiani. Sikukuu ilipofika, Silima na Bi Mwanapili walimpelekea sahani ya halua. Hapo Duni aliacha kuapa. “Yakhe,” aliniambia faraghani, “mie sikusema ndiyo, sikusema siyo. Lakini halua airudishe nani?”

Daraja limepita masika matatu. Jecha hajui mpaka leo bahasha ya London, iliyorudishwa imefungwa bila hata kaka yake kuoneshwa, ilikuwa na bei gani, na nadhani ndilo jambo linalomuuma zaidi. Karafuu za Ole zinafika bandarini kavu. Paa la nyumba ya Silima lipo, sufuria za Bi Mwanapili zilirudi moja moja mahali pake, na ofisi za majirani zetu hutuma makarani kuja kuuliza namna ya kununua wahandisi bila kutazama bei. Silima huwapa kiti kwanza, awaone wanavyokaa.

Silima, kwa niaba ya wote waliofanya kazi nawe, ahsante. Umetufundisha kuuliza swali la pili, na umetusumbua kwa faida yetu. Mungu akupe afya, mavuno mazuri Ole, wajukuu wenye kelele, na jiko ambalo siku moja utaruhusiwa kuingia. Ukivuka daraja lile, vuka polepole, ulifaidi.

Na sasa jina. Duni, usirudishe sahani hata moja. Ulikula kwa adabu. Bwana Jecha, wajukuu wetu ni wawili na wa tatu yu njiani, kwa hiyo naona hakuna atakayemrudisha Mize nyumbani kwa ajili ya mzee anayekaribia kuondoka. Konyo langu nililitia mfukoni. Karafuu kavu niliyokuonesha kiganjani ilikuwa ile niliyopewa, haikutoka mkononi mwangu. Nawe Silima, miaka ishirini na tisa hukuiacha karafuu ipite bila kuishika, ila siku ile moja, kwa kuwa kanuni ilikufunga mikono. Ungeigusa, ungejua papo hapo ni ya nani. Ya tatu niliitoa shavuni mwangu.